Kilwa hii ya 1572: aliyeichora alifika, au alisimuliwa tu?

#1 Mwana wa Gerezani

Wakuu, habari za jioni.

Nakusanya vitabu vya kale vya safari za baharini, hasa vile vyenye picha, tangu 2009. Sina vingi. Ukiwa Dar unapata juzuu moja kati ya mbili, au kitabu kisicho na jalada, au jalada lisilo na kitabu. Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa Upanga, kwenye nyumba ambayo wenyewe wanahama nchi na wameita watu waje kuchagua vitu. Ndani ya kitabu kikubwa cha mapishi nikakuta karatasi imekunjwa katikati, upana wake kama sentimita 47, imechapwa picha za miji minne. Juu ni Aden, imechukua nusu nzima ya karatasi. Chini ni mitatu midogo imepangwa kwa safu: Mombaza, Quiloa, Cefala. Yaani Mombasa, Kilwa na Sofala.

Nimekaa na hiyo Kilwa siku nne. Minara imesimama, nyumba zimebanana, vyombo vya Kireno viko baharini. Mimi nimefika Kilwa Kisiwani mara tatu na siioni humo. Kwa hiyo nadai hivi, na mnipinge kwa hoja: aliyeichora hii hakuwahi kufika. Kama ndivyo, tunaokusanya vitabu hivi tunakusanya nini hasa, historia au ndoto za watu wa Ulaya?

#2 Kaka wa Feri

Nimekaa siti ya mbele. Picha mkuu, weka picha.

#3 Fundi Jalada

Asante kwa uzi. Kwanza tuiite kwa jina lake. Karatasi hiyo imetoka kwenye *Civitates Orbis Terrarum* ya Georg Braun na Frans Hogenberg, juzuu ya kwanza, iliyotoka Cologne, Ujerumani, mwaka 1572. Juzuu zilifika sita, ya mwisho ikatoka 1617, na ndani yake kuna picha 546 za miji. Kwa hiyo nikurekebishe kidogo mleta mada: hicho si kitabu cha safari za bahari, ni kitabu cha miji. Lakini miji ya pwani yetu imo kwa sababu ya safari hizo, maana bila Wareno kuja huku Cologne wasingeijua Sofala.

Pili, usianze kubishana kuhusu mchoraji kabla hujajua kama karatasi ni ya kale. Fanya haya leo usiku:

Pitisha ncha ya kidole pembezoni mwa picha. Bamba la shaba likikandamizwa kwenye karatasi mbichi huacha bonde, na bonde hilo halifi hata baada ya miaka 400. Inua karatasi dhidi ya taa. Karatasi ya zama hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani kwenye chekecheo la nyaya, utaona mistari myembamba iliyopangana na pengine alama ya kiwanda katikati. Kisha tafuta kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vidogo vya rangi kama picha ya gazeti, basi ni nakala ya kiwanda ya juzi juzi. Ukiona mistari ya wino iliyokaa juu ya karatasi, imenenepa na kuchongoka mwishoni, hapo tuzungumze.

Na ugeuze. Nyuma kuna maandishi?

#4 Mwana wa Gerezani

Fundi, ubarikiwe. Bonde lipo, nimelisikia kwa kidole mpaka nikamwita mke wangu naye ajaribu. Mistari ipo. Vitone sijaviona, ila rangi ya bahari ni ya brashi, imevuka mstari sehemu mbili. Nyuma kuna maandishi mazito ya kona kona, sijui ni lugha gani. Si herufi za kawaida.

#5 Fundi Jalada

Kona kona ni Kijerumani. Toleo la kwanza ni la Kilatini na herufi zake ni za mviringo. La Kijerumani lilifuata 1574. Kwa hiyo kichwa cha uzi wako kina kasoro: bamba ni la 1572, lakini karatasi uliyonayo haiwezi kuwa kabla ya 1574. Haipunguzi kitu. Hongera sana.

#6 Upepo wa Matlai

Sasa tumehamia kwenye uchumba. Mke naye kaitwa kugusa.

#7 BintiKilwa

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, bibi yangu kazikwa Kisiwani. Nimeikuza picha aliyoweka mleta mada hadi simu imechoka. Naungana naye. Msikiti Mkuu wa Kilwa ni wa kuba na matao, hauna mnara. Misikiti ya kale ya pwani yetu kwa kawaida haikuwa na minara mirefu, adhana ilitolewa juu ya dari au kwenye ngazi. Huyu bwana kaijaza Kilwa minara kama sindano kwenye mto wa mshonaji. Kaona neno "mji wa Waislamu" akachora anachokijua yeye.

Hilo linaniuma kwa sababu wageni wakija Kisiwani wanakuja na picha hiyo kwenye simu, halafu wanaangalia magofu yetu kana kwamba yamepungua kitu.

#8 Msomi Mpole

Dada BintiKilwa, hoja ya minara naikubali, lakini tusikimbilie kusema hakuna aliyefika. Hao wa Cologne hawakusafiri, hilo ni kweli. Braun alikuwa padri, Hogenberg mchongaji wa mabamba. Walikusanya michoro ya watu wengine kutoka kila pembe. Kwa pwani yetu chanzo cha kufikirika ni Mreno. Cabral alipita Kilwa 1500. Vasco da Gama alirudi 1502 akamlazimisha Amiri Ibrahim kutoa kodi ya dhahabu. Francisco de Almeida akauteka mji Julai 1505, wakajenga ngome, wakaiacha 1512. Miaka saba askari wamekaa pale, wengine hawana kazi. Mmoja wao kushika kalamu na kuchora mji anaoulinda ni jambo la ajabu?

Nadharia yangu: kuna mchoro wa mkono wa Mreno wa kati ya 1505 na 1512, ukanakiliwa, nakala ikanakiliwa, mpaka ukafika Cologne umechakaa. Minara ni uchakavu wa kunakili. Umbo la mji ni la kweli.

#9 Kusi na Kaskazi

Msomi, nadharia nzuri ila huna mchoro mkononi. Mimi nina kitabu. Duarte Barbosa, Mreno aliyefanya kazi upande wa India mwanzoni mwa karne ya 16, aliielezea Kilwa: nyumba nzuri za mawe na chokaa, madirisha mengi "kwa namna yetu", mitaa iliyopangika, dari bapa, milango ya mbao iliyochongwa vizuri, na bustani pembeni. Maelezo yake yalichapwa Venice mwaka 1550 kwenye mkusanyiko wa safari wa Ramusio. Miaka 22 kabla ya bamba letu!

Sasa jiweke kwenye kiti cha mchongaji. Hujawahi kuona bahari ya joto. Unasoma "mawe, chokaa, madirisha kama yetu, mitaa iliyopangika". Utachora nini? Utachora mji wa kwenu. Hakuna haja ya askari mwenye kalamu. Picha ile ni maandishi yaliyogeuzwa kuwa picha.

Na niseme wazi, Barbosa kutaja "kama yetu" ilikuwa ni sifa. Aliona mji akaukuta hauna upungufu.

#10 Msomi Mpole

Barbosa kasema dari bapa. Mleta mada, hebu tuhesabie mapaa. Kama mchongaji alimfuata Barbosa, dari zote ziwe bapa.

#11 Mwana wa Gerezani

Nimejaribu. Kuna zinazoonekana bapa na kuna nisizoweza kuamua. Kumbukeni mchoro wa Kilwa wenyewe hauzidi kiganja changu na vidole. Jengo moja ni kama punje ya mchele.

#12 Kaka wa Feri

Basi mnabishania mchele. Endeleeni, mimi napika chai.

#13 Bi Shungi

Salaam. Nimefundisha sanaa za mikono miaka 31 na ninachapa vitenge kwa bamba la mbao mpaka leo, kwa hiyo naomba nizungumzie mkono wa mchongaji, maana nyote mnamzungumzia kama vile ni kamera.

Mnauliza alifika au hakufika. Nawaambia hata kufika hakutoshi. Chukueni safari ya pili ya James Cook, 1772 hadi 1775. Ndani ya meli alikuwemo mchoraji wa kuajiriwa, William Hodges. Huyu alifika, alishuka, aliwaona watu kwa macho. Kitabu kikatoka London 1777 kikiwa na mabamba yaliyochongwa kutokana na kazi zake. Kwenye bamba la kushuka kisiwa cha Eua, Tonga, mchongaji Sherwin akawavisha watu wa pale mashuka ya kuning'inia na kuwapa miili ya sanamu za Wagiriki. Georg Forster, kijana aliyekuwa kwenye meli hiyo hiyo na baba yake, aliandika kitabu chake mwaka huo huo na akalalamika waziwazi: watu wale hawakuonekana hivyo, huo ni Ugiriki na si Tonga.

Fikirieni hilo. Mchoraji alikuwepo, shahidi alikuwepo, miaka miwili tu imepita tangu meli irudi, na bado bamba likadanganya. Kati ya jicho na karatasi kuna mikono mitatu au minne: anayechora pale pale, anayesafisha mchoro, anayechonga shaba, anayepaka rangi. Na kila mkono una shule yake. Anayechonga amejifunza kuchonga mtu kwa kunakili sanamu za Ugiriki, basi mkono unakwenda huko wenyewe. Mimi mwenyewe nikichonga ua la mkorosho kwenye mbao linatoka na petali za waridi la kwenye vitenge vya zamani, mpaka nijikaze.

Kwa hiyo BintiKilwa, minara ile huenda haikutokana na dharau. Huenda ndiyo alama pekee ambayo mkono ule ulikuwa nayo ya kusema "hapa ni mji mkubwa". Alikuwa anaipa Kilwa heshima kwa lugha yake.

#14 BintiKilwa

Bi Shungi shikamoo. Nimekuelewa na nimeguswa. Lakini heshima ya kuvishwa nguo ya mwingine bado si heshima kamili. Tungeachwa na kuba zetu.

#15 Bi Shungi

Marahaba mwanangu. Hapo sina jibu.

#16 Upepo wa Matlai

Kuna jambo la Braun ambalo hamjaligusa. Kwenye picha zake nyingi mbele ya mji wamesimama watu wa mji huo na mavazi yao. Kwenye dibaji yake alisema watu hao wanasaidia kuzuia Waturuki wasikitumie kitabu kwa vita, kwa sababu dini yao haiwaruhusu kutazama sura za binadamu. Yaani aliamini picha ya mtu ni kufuli.

Mleta mada, wewe ni Mwislamu na umeikodolea macho siku nne. Kufuli limeshindwa.

#17 Mwana wa Gerezani

Limeshindwa kabisa, hahaha. Na kwenye zile tatu za kwetu sioni watu wa maana wamesimama mbele, nafasi ni finyu.

#18 Nahodha wa Pili

Wakuu, mnasema "Mreno aliona, Mreno aliandika". Hivi nani aliwaonyesha njia? Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa pale, akaondoka tarehe 24, siku ishirini na tatu tu akaiona India. Rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari. Kwenye vitabu vya picha vya zamani yeye hachorwi, anachorwa Da Gama na ndevu zake. Kwa hiyo kosa la hivyo vitabu si minara. Kosa ni mtu aliyefutwa.

#19 Kusi na Kaskazi

Hapo nakupinga, na si kwa kumtetea Mreno. Ibn Majid anatajwa na mwandishi wa Makka wa karne ya 16, Nahrawali, aliyeandika miaka mingi baada ya tukio. Kumbukumbu ya safari yenyewe, ile iliyoandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya meli na kuchapwa Porto mwaka 1838, haimtaji jina. Inasema tu rubani "Mkristo", na tujue Wareno wale walikuwa wanawachanganya Wahindu na Wakristo. Barros, mwanahistoria wa Kireno, anasema alikuwa mtu wa Gujarati, anamwita Malemo Cana. Na Ibn Majid mwaka 1498 alikuwa mzee sana, tena mtu wa Julfar huko Uarabuni, na tungo zake kuhusu Wareno zina uchungu wa mtu anayewalaumu.

#20 Nahodha wa Pili

"Malemo" hiyo, ndugu yangu, itamke polepole. Ma-le-mo. Mwalimu! Babu yangu upande wa mama alisafiri na majahazi kutoka Dar kwenda Lamu na Muskat kabla ya uhuru, na chomboni nahodha ni mwenye amri lakini anayejua nyota na njia anaitwa mwalimu. Mpaka anakufa watu wa Magogoni walikuwa wanamwita Mwalimu na hakuwahi kufundisha darasa. Mreno kasikia cheo akadhani ni jina.

#21 Msomi Mpole

Hilo la mwalimu liko sawa, limetoka Kiarabu na wataalamu wengi wanalikubali. Na "Cana" au "Canaca" alivyoandika Castanheda, Mreno mwingine wa historia, wengine wanasema ni neno la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo jina zima huenda ni cheo mara mbili: mwalimu mnajimu. Jina lake halisi halimo.

#22 Nahodha wa Pili

Basi angalau tumepata kwamba alikuwa mwalimu. Mimi kwa hilo nimetosheka leo, ya Ibn Majid nitarudi nayo. Sijaiacha.

#23 Kijana wa Mkunguni

Samahani wakubwa, naingia na swali la pesa. Nina meza ya vitabu vya mitumba Kariakoo. Mwaka jana niliuza juzuu ya kwanza ya safari za nahodha Owen, ile ya London 1833. Aliyenunua alirudi kuniambia aliitoa picha zote, akaziwekea fremu moja moja na kuziuza hotelini, kitabu akakiacha. Nilijisikia vibaya ingawa kilikuwa chake. Je, ni kosa? Na hiyo karatasi ya mleta mada si imekatwa vile vile?

#24 Fundi Jalada

Kijana, umeuliza swali zito kuliko yote humu.

Kazi yangu ni kushona vitabu. Nimeletewa vitabu vya namna hiyo, vimebaki na mashina ya karatasi palipokuwa na picha, kama kinywa kilichong'olewa meno. Hesabu ya mkataji ni rahisi: picha kumi zikiuzwa moja moja zinazidi bei ya kitabu. Lakini anachokiua ni ushahidi. Kitabu cha Owen kina maneno yanayosimama karibu na picha: walikuwa wapi, siku gani, nani alikuwa anaumwa. Manowari zake Leven na Barracouta zilipima pwani kuanzia 1822 mpaka 1826 hivi, na homa iliwamaliza maofisa wake wengi. Ukiitoa picha ya Mombasa humo unabaki na pambo. Ukiiacha ndani, unajua kwamba mwaka 1824 Owen aliipa Mombasa ya ukoo wa Mazrui ulinzi wa Kiingereza bila London kumtuma, na London ikaukataa baada ya miaka miwili. Picha na habari ni kitu kimoja.

Karatasi ya mleta mada ndiyo, imetoka kwenye kitabu. Imekatwa lini hatujui. Kinachoweza kufanyika sasa ni kutoikata tena.

#25 Mama wa Rafu

Nimestaafu maktaba. Naomba mleta mada anisikilize kabla hajaiharibu.

Usiibandike selotepu hata kama imechanika. Gundi yake huwa kahawia na haitoki. Usiipeleke kupakwa plastiki ya moto, nimeona mtu kafanya hivyo kwa ramani ya 1890 nikakosa usingizi. Usiitundike sebuleni mkabala na dirisha, jua la Dar linakula rangi ya brashi mwaka mmoja.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Karatasi inapenda unyevu wa karibu asilimia 50, na Dar miezi ya masika uko juu sana ya hapo. Watu wanadhani kiyoyozi ndiyo dawa. Kuwasha mchana na kuzima usiku ni kubaya kuliko kutowasha, maana karatasi inatanuka na kusinyaa kila siku mpaka inakatika nyuzi. Bora kabati la mbao lililokauka, lisiloegemea ukuta wa nje, hewa ipite, na ufungue kila wiki uangalie. Vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya, vikusanye. Mvua za 1997 na 1998 zilitufundisha: hatukupoteza vitabu kwa maji, tulivipoteza kwa ukungu wiki tatu baada ya maji.

Na cha kufurahisha, karatasi yako ya matambara itaishi kuliko gazeti la jana. Karatasi za mbao zilizoanza kuenea nusu ya pili ya karne ya 19 zina tindikali, zinajila zenyewe. Kitabu cha 1572 cheupe, cha 1890 kimekuwa biskuti. Nimeviona rafu moja.

#26 Mwana wa Gerezani

Asante sana mama. Ilikuwa sebuleni. Nimeishusha sasa hivi.

#27 Kaka wa Feri

Na wanaotaka mchoraji aliyefika kweli? Nimesikia kuna Mfaransa alikuja na kamera Zanzibar zamani sana.

#28 Kusi na Kaskazi

Charles Guillain, nahodha wa manowari Ducouëdic, 1846 hadi 1848. Alibeba mtambo wa dagereotipi, ile picha ya bamba la fedha, wakati teknolojia yenyewe ina miaka saba tu tangu itangazwe. Kitabu chake kilitoka Paris 1856 na 1857, juzuu tatu na albamu kubwa ya picha. Wapo watu wa Zanzibar, wapo wa Mogadishu na Barawa. Hapo mashine imefika, nadhani hata BintiKilwa atakubali.

#29 Bi Shungi

Isipokuwa picha zile hazikuweza kuchapwa kitabuni moja kwa moja. Zilichorwa upya kwa mkono juu ya jiwe la kuchapia. Na dagereotipi ilihitaji mtu atulie muda, anayetembea anapotea. Kwa hiyo mtaa wenye watu wengi kwenye albamu ya namna hiyo, watu wake jiulizeni wametoka wapi. Turudi kule kule: mkono.

#30 Upepo wa Matlai

Bi Shungi hatuachii hata mmoja, hahaha.

Tukiwa hapo, mnajua sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa Australia? Mwaka 1944 askari aliyekuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel aliokota sarafu tano za Kilwa pamoja na nne za Kiholanzi. Nani alizipeleka? Mimi nasema Mswahili alifika.

#31 Msomi Mpole

Au Mreno kutoka Goa, au Mholanzi, au mtu wa Makassar aliyekuwa anavua majongoo bahari, au mkusanyaji wa karne ya 19 aliyezidondosha. Fungua uzi wake, tafadhali.

#32 BintiKilwa

Mleta mada, nina wazo. Mjomba wangu ana mashua pale Masoko. Njoo na nakala ya hiyo picha, acha halisi nyumbani. Tukae majini tuangalie mji kutoka kule meli zilikosimama. Humu tutabishana mpaka masika.

#33 Mwana wa Gerezani *(siku kumi na mbili baadaye)*

Wakuu nimerudi. Nilipanda basi la alfajiri Mbagala Rangi Tatu, jioni nikawa Masoko. Mjomba wa BintiKilwa ni mzee wa maneno machache. Tulivuka na tanga, kusi imeanza.

Kutoka majini unachokiona kwanza ni ngome inayoitwa Gereza, na Gereza hiyo inayosimama leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani, ya karne ya 19. Mchongaji wa Cologne asingeweza kuijua. Msikiti Mkuu hauonekani, miti na mikoko imeuficha. Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, iko upande wa mashariki juu ya jabali, magofu yake yanaonekana ukijua pa kutazama. Kwa hiyo nilichora mstari wa pwani ninavyouona, nikaweka juu ya nakala. Haukukaa. Nikataka kumwambia mzee nimeshinda hoja yangu.

Yeye akaichukua nakala, akaishika mbali na macho, akasema: "Huyu hakukaa mashuani. Huyu yuko juu. Anaona nyuma ya nyumba." Akaonyesha mlingoti. "Panda pale utaona kuba."

Sikupanda, bahari ilikuwa imechafuka. Ila nilisimama juu ya ubao wa kukalia, nikashikilia kamba, na kwa sekunde mbili hivi nikaona kitu cha mviringo nyuma ya majani.

#34 Msomi Mpole

Nau, ile meli kubwa ya Mreno, ilikuwa na kikapu cha mlinzi juu ya mlingoti mkuu. Nasema tu.

#35 Kusi na Kaskazi

Na karibu picha zote za Braun zimechorwa kutoka juu, hata za miji isiyo na bahari. Ndiyo mtindo wa kitabu. Cologne nayo ilipandwa mlingoti?

#36 Nahodha wa Pili

Mzee kasema juu, ni juu. Hao ndio walimu niliokuwa nasema.

#37 BintiKilwa

Mjomba anauliza lini unarudi. Anasema Desemba kaskazi ikitulia bahari inakuwa sahani, na atafunga ngazi ya kamba kwenye mlingoti. Bi Shungi naye aje, achore yeye.

#38 Bi Shungi

Nakuja. Nitafutieni kofia pana na penseli nakuja nazo.